Kushusha Tairi la Mbele

Gisozi, Jumapili, Novemba 1994

Mvua imenyesha misa nzima, kisha jua likatoka utadhani halikuhusika. Mgongo unaniuma, kiganja cha kushoto kimechubuka, na nina furaha ambayo sijawa nayo tangu nihame Karagwe.

Leo nimejifunza kunyanyua tairi la mbele la pikipiki. Mimi, mwanakwaya, mwenye miaka ishirini na saba!

Nianze na aibu yangu. Kazi yangu ni kupeleka milango na madirisha kutoka karakana ya Fundi Bonifasi, maana tangu vita vya mwaka huu nyumba nyingi za mji huu zimebaki matundu matupu. Mlango hulazwa kwa urefu nyuma yangu, ukatokeza, na penye mwinuko mkali uzito wake hunyanyua tairi la mbele. Wiki mbili zilizopita, kwenye mlima wa Kacyiru, lilinyanyuka nikashikwa na hofu. Nikang'ang'ania usukani, na kumbe kwa kung'ang'ania nilizidi kuvuta mafuta. Nikaenda chini. Mlango ukapasuka katikati.

Nilimwambia Fundi mipira ya kufungia ilikatika.

Haikukatika. Yeye mwenyewe aliiokota, mizima yote, akaitundika ukutani. Kisha akachukua ufunguo wa pikipiki, akanipa msasa. Siku zote hizi nimepiga msasa huku nikijisemea kwamba napenda kazi ya kivulini. Uongo mtupu.

Mlango ule ulikuwa wa mukecuru mmoja wa Kabeza, bibi anayeishi peke yake. Hakuulizia rangi wala nakshi. Aliomba komeo tu, na liwe la ndani. Tangu Julai analala nyuma ya blanketi lililotundikwa mlangoni. Kila nilipopitisha msasa kwenye mlango wake mpya nilimkumbuka, nikaona haya.

Leo baada ya misa nilimfuata Fundi nikamwambia ukweli. Hakushangaa hata kidogo. Alilelewa Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Mimi najua. Wewe unaogopa tairi ikipanda. Kuja, tuipandishe mpaka uizoee."

Basi tukaenda kwenye barabara ya udongo nyuma ya karakana, mimi na suruali ya kaka yangu chini ya gauni la misa. Gia ya kwanza, vuta mafuta, achia klachi ghafla. Mara ya kwanza pikipiki ilizimika. Mara ya pili nilikaa matopeni, yenyewe ikaendelea na safari kidogo bila mimi. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Nilinuna, lakini nikaifuata.

"Kupandisha kila mutu anaweza, dada. Kushusha ndiyo kazi. Mafuta rudisha, breki ya mguu kanyaga. Doucement, polepole!"

Siri yote ilikuwa hiyo. Nilikuwa nahangaika na mikono, kumbe dawa iko mguuni. Nilikanyaga pole, tairi likarudi chini kwa adabu. Nikarudia. Baada ya saa moja nilikuwa nalinyanyua kwa makusudi, nikipiga kelele ambazo mwalimu wa kwaya hajawahi kuzisikia.

Hofu haijaisha. Ila sasa najua breki yake.

Saa nane Fundi aliufunga mlango mpya nyuma yangu, akakaza mipira kwa mkono wake mwenyewe, Jumapili hivi hivi. "Kabeza," akasema, akaingia ndani bila kunitazama.

Mahali palepale pa Kacyiru tairi likanyanyuka. Nikasema Yesu wangu, nikainama mbele, nikarudisha mafuta, nikakanyaga. Likashuka. Mlima ukaisha, na hakuna aliyeniona.

Kule Kabeza nimeufunga mlango mwenyewe, bawaba tatu. Mukecuru akakunja blanketi lake, akaingia, akaufunga, akasukuma komeo. Nikaachwa nje na nyundo yangu, hata asante sijaambiwa.

Nikasikia komeo likifunguliwa. Likafungwa. Likafunguliwa, likafungwa tena.

Sikubisha hodi. Nilikaa kizingitini, nikalia kidogo, nikamwacha afunge mpaka aridhike.

Kesho Fundi atafute mtu mwingine wa kupiga msasa.