Mama Mkwe Amenikuta Nafanya Mazoezi Nimelala

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijarudishwa kwetu. Mimi ni msusi, kazi ya kusimama, na tangu mwaka jana nina ugonjwa wa ajabu: nikilala mzima, nikikaa mzima, nikisimama tu moyo unakwenda mbio kama nimeiba na macho yanaingia giza, hata siku moja nikamwangukia mteja mapajani, kichana mkononi, akaondoka amesukwa nusu kichwa. Daktari alinipima nimelala, akanipima nimesimama, akasema nikisimama damu inabaki miguuni na moyo unahangaika kuivuta, ila mazoezi yatanisaidia, mradi nianze nikiwa nimelala. Basi kila asubuhi nalala chali sakafuni na soksi ndefu za kubana, napiga pedali hewani kama mwendesha baiskeli aliyepinduka. Ndipo mama mkwe akaja kututembelea. Alifungua mlango, akanikuta hivyo, akaurudishia taratibu, akaenda kumwambia mwanawe kwamba wavivu amewaona wengi, lakini si wa kufanya mazoezi amelala. Yakanichoma. Jana nikamfuata wifi yangu, ambaye hukimbia kila alfajiri, nikafika kona tu, nikaangukia beseni la nguo za jirani, nikarudishwa kwa mkokoteni wa muuza maji. Mama mkwe akanipokea mlangoni: “Kumbe hata kutembea umechoka?” Mume wangu yeye anakula tu. Niendelee kulala nidharauliwe, au nisimame nife?

Msusi wa Chali

Pole, Msusi, lakini umenikasirisha. Daktari kakuelekeza, neno moja la mama mkwe likakutoa mbio hadi kwenye beseni. Mwenda pole hajikwai, na wewe hata kwenda bado. Rudi sakafuni. Miguu ikipata nguvu, hamia baiskeli ya kukalia yenye egemeo, au bwawa la kuogelea. Lini utembee, daktari ndiye atakayesema. Mweleze ulivyoanguka. Kunywa maji ya kutosha, na chumvi usiongeze mpaka yeye aruhusu. Ukiamka, kaa kwanza, ndipo usimame. Kazini tafuta kiti kirefu. Nywele hazijui kama msusi amekaa.

Na wewe, shemeji unayekula, weka kijiko chini. Mkeo akirudi kupimwa, mpeleke na mama yako, amsikie daktari kwa masikio yake. Akitoka huko bado anauita ugonjwa huu uvivu, Msusi, mtandikie mkeka kando yako mpige pedali pamoja. Atakayeomba kupumzika kwanza ndiye atakayepika.