Ukuta wa Jikoni Haukuangushwa na Mvua

Nyumbani kwa baba,
Chumba cha kati.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo umekuacha upumue kidogo, na ile baridi uliyoilalamikia imelegea. Yule mdogo ameshaanza kusema maneno kamili, au bado anawaita watu wote kwa jina moja? Sisi huku tupo. Kidonda cha kaka yako kimefunga, anakula, anatembea hadi sokoni na kurudi. Mimi afya ninayo. Nakutangulizia haya ili uyasome yanayofuata ukijua kwamba hakuna aliyekufa.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara tatu. Uliposema unamshukuru Mungu kwa kumpa kaka yako mke aliyemtoa chini ya kifusi kwa mikono yake mwenyewe, niliikunja nikaitia chini ya godoro, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Shukrani zile si zangu, wifi. Nimekaa nazo wiki tatu, zimenichoma, leo nazirudisha.

Barua iliyokwambia kwamba ukuta wa jikoni uliangushwa na mvua niliiandika mimi. Bila shaka uliutambua mwandiko. Kaka yako alikuwa kitandani hospitalini, bendeji hadi begani, yeye anatamka na mimi naandika. Alipofika kwenye mvua nilisimamisha kalamu. Akanitazama, akasema, "Andika." Nikaandika.

Mvua siku ile haikunyesha hata tone.

Nianzie mbali kidogo, maana nawe una haki ya kujua kilichoipata nyumba mliyozaliwa. Ulipotuambia, baada ya kumzika baba, kwamba tuingie tukae na tuitengeneze, mimi nililia kwa furaha. Miaka tisa ya kupanga, wifi! Miaka tisa ya kuoga kwa zamu na kusikiliza kikohozi cha jirani ukutani. Mwezi wa kwanza tulikuwa kama watoto. Tulikwangua rangi ya sebuleni, tukakuta chini ya kijani kuna bluu, chini ya bluu kuna waridi, na chini ya waridi kuna alama za penseli za urefu wenu, wewe na kaka yako. Ulimzidi hadi alipofika darasa la sita, na bado hajakusamehe. Fundi wa bomba tulimpachika jina la Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilotupa kila siku. Alipokuja hatimaye, akafungulia maji ya jikoni yakatokea chooni, tukacheka hadi tukakaa chini.

Kicheko hakikudumu. Tulipofungua dari tulikuta mchwa wamekula mbao zikabaki maganda tu, ukizibonyeza kwa kidole zinaingia ndani kama mkate. Paa la nyuma likavuja. Sakafu ya korido ikatitia. Kila tulichogusa kilitoa kidonda kingine nyuma yake. Tulikula vumbi, tukalala na vumbi. Mimi naamka alfajiri kwenda kiwandani kuoka mikate, jioni narudi kubeba ndoo za kifusi. Kaka yako anashona suti za watu mchana kutwa pale chumba cha mbele, kisha anapanda ngazi. Tukaanza kusemeshana kwa maneno mafupi. "Shika." "Siyo hapo." "Nilikwambia." Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likiuma.

Aliyetusaidia alikuwa fundi mmoja tu wa kweli. Watu humwita Timazi, kwa sababu ile kamba yake yenye chuma cha kupimia wima wa ukuta haimtoki mfukoni. Mzee wa maneno machache. Ndiye aliyenyoosha korido, ndiye aliyebadilisha mbao za dari.

Sasa, jikoni. Unalikumbuka giza lake. Ule ukuta kati ya jiko na chumba cha marehemu mama ulikuwa unazuia mwanga wote wa asubuhi, na mimi nilishaweka nia moyoni: nataka uwazi pale, upana wa mikono miwili, nipike nikiona jua. Timazi aliugonga kwa kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaweka sikio, akasema, "Huu umebeba boriti. Unaweza kutobolewa, lakini kwanza nguzo. Msiuguse mpaka nirudi." Akaenda kumzika dada yake. Alisema siku nne. Ilipofika ya sita hajarudi, mimi nikakosa subira.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Kaka yako alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anakunywa chai. Nilimwambia tuanze wenyewe. Akasema tumsubiri mzee. Wifi, ulimi hauna mfupa. Nilimwambia, na ninayaandika kama nilivyoyasema: "Wanaume wenzako wanajenga magorofa, wewe tundu moja tu linakushinda. Baba yako angekuwepo angelitoboa zamani."

Aliweka kikombe chini. Akaenda kuchukua nyundo.

Na mimi sikusimama pembeni nikitazama. Nilishika mtaimbo nikachokoa tofali za safu ya juu, moja baada ya nyingine, nazipanga sakafuni vizuri kama mikate kwenye trei. Nilikuwa na furaha. Mwanga ulianza kuingia, mstari mwembamba, nikamwambia, "Unaona?" Hapo nikasikia mlio kama mtu anayevunja kuni kavu. Kaka yako alinisukuma kifuani kwa mkono wa kushoto. Mimi nikaangukia kwenye korido. Boriti, dari na nusu ya ukuta vikaangukia mkono wake wa kulia.

Ni kweli nilichimbua kifusi kwa mikono. Hilo halikuwa uongo. Lakini aliyenitoa mimi ni yeye, kabla mimi sijamtoa yeye, na hilo barua ya mvua haikusema.

Mkono ulivyokwisha unajua. Daktari alisema mifupa imesagika, akaukata juu kidogo ya kifundo. Mkono wa kulia wa fundi cherehani, wifi.

Alipozinduka neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Tutasema ni mvua." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nawajua watu wetu. Wakijua ni wewe uliyenichochea, watakula nyama yako mpaka mfupa." Nikakubali. Sitakudanganya kwamba nilikataa kwanza. Nilishukuru.

Lakini uongo una watoto wake. Watu walisema, mvua gani? Ya mwezi uliopita? Basi ukuta ulikuwa umelowa siku zote hizo na fundi hakuona? Wakajijibu wenyewe. Timazi ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka humu miezi mitano, kwa hiyo Timazi ndiye aliyemkata fundi cherehani mkono. Mwenye duka la vifaa akaacha kumwelekeza kwa wateja. Shule iliyokuwa imempa madarasa mawili ya kujenga ikamwambia asubiri, na wewe unajua "subiri" ya namna hiyo. Yote hayo yalinifikia. Nikanyamaza miezi miwili.

Siku aliyokuja mke wake kiwandani nilikuwa kwenye dirisha la kuuzia. Zamani alikuwa akinunua mikate mitatu ya moto, anaibonyeza kwanza, ananitania kwamba tunaoka hewa. Siku hiyo alisimama pembeni hadi wateja wakaisha. Akaniuliza taratibu, "Mama, ile ya jana imebaki?" Hakunitazama vibaya. Aliulizia tu afya ya mume wangu, akasema wanamwombea. Nilimfungia mkate, karatasi ikanichanikia, nikachukua nyingine.

Nilipotoka kazini sikupita nyumbani. Nilimkuta Timazi uani kwake anagongea mguu wa kiti. Nikamwambia yote, nimesimama, sikusubiri kukaribishwa. Aliendelea kugonga mpaka msumari ukaisha kuingia.

Akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nilipotoka msibani nilipita kwenu. Nyundo ilikuwa chini ya kifusi, mpini umechomoza. Mvua haitumii nyundo, mama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mwenzangu amekatwa mkono, mimi nisimame njiani kujitetea? Nilisema, wakipoa watanisafisha wenyewe." Akakigeuza kiti, akajaribu kama kinasimama sawa. "Lakini miezi miwili, mama. Miezi miwili."

Nilikwenda moja kwa moja duka la vifaa, wakati ambao mafundi wote hukusanyika kumaliza siku, nikasema mbele yao kwamba ukuta tuliubomoa sisi, kwamba mzee alitukataza, na kwamba aliyeshikilia ubomolewe ni mimi. Nilidhani watanizomea. Hakuna aliyenizomea. Mwenye duka aliendelea kupima misumari kwenye mizani, mmoja akakohoa, mwingine akasogeza miguu nipite. Nakwambia, afadhali wangenizomea.

Na haikurudisha kitu. Yale madarasa yalikuwa yameshapewa fundi mwingine, kuta zake zimefika madirishani. Timazi alikuja kesho yake na nguzo nne akaziweka chini ya paa la jikoni lisije likatuua kabisa. Nilimtengea chai. Alifanya kazi, akafunga kamba yake, akaaga vizuri, chai akaiacha mezani.

Kaka yako nilimwambia jioni ileile niliyotoka dukani, kabla hajasikia nje. Nilijua atakasirika, ila sikujua hasira yake ingeelekea wapi. Hakunilaumu kwa ukuta, si siku hiyo wala siku yoyote. Alisema, "Nilikufunika nguo, wewe umekwenda kujivua sokoni." Kisha akageukia cherehani. Alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto na meno. Uzi ukapita pembeni mara nne, mara tano. Nikanyoosha mkono nimsaidie. "Toka," akasema. Hakupaza sauti. Nikatoka.

Tangu hapo anaishi chumba cha mbele na mimi nakaa cha kati. Tunasalimiana. Chakula tunakula pamoja, kila mmoja ametazama sahani yake. Kigutu cha mkono namfunga kitambaa kila asubuhi, na hapo ndipo tunapokaribiana, dakika tano au sita. Jana nilipokuwa nafunga nikamwomba msamaha tena. Akasema, "Umeshaomba." Basi.

Juzi kasema hataki kukaa tena katika nyumba hii. Anasema kila akinywa maji anaiona ile nafasi ya ukuta ulioanguka. Anataka iuzwe ikibidi, au apewe mtu yeyote mwenye moyo wa kuimalizia. Nyumba ni yenu ninyi wawili, mimi sitatia neno, na ndiyo sababu nyingine ya barua hii: hakutaka kukuomba mwenyewe, anaona haya, kwa vile wewe ndiye uliyemwachia. Nakusihi usimkatalie kwa ajili ya kumbukumbu. Na ukitaka kuvunjika moyo, vunjika juu yangu, si juu yake.

Nimemwambia leo asubuhi kwamba nakuandikia, na kwamba naandika ukweli. Akasema, "Mwambie na mimi nilishika nyundo. Hakuna aliyenishika mkono." Nimekwambia, kwa kuwa ameagiza. Lakini mimi na wewe tunajua mwanaume yule, ukimtaja baba yake, hufanya nini.

Wasalimie shemeji na watoto wote wanne. Yule mkubwa mwambie mjomba wake anaulizia masomo yake. Mjulie hali mama mdogo mnayekaa naye karibu, umweleze utakavyoona inafaa, mzee wa watu asishtuke. Mungu awafunike huko, awape kuta zilizosimama na watu wanaoambiana kweli mapema.

Jambo la mwisho, halafu naifunga. Kaka yako ameshaona pa kuhamia, karibu na barabara kubwa. Kuna fundi mwanamke aliyekubali kushona, kaka yako awe anapima na kukata, maana mkasi wa mkono wa kushoto ameshaanza kuuzoea. Ameniambia atapanga vyumba viwili. Kimoja ni cha kazi. Hajasema kama cha pili nacho ni cha kwangu, na mimi, wifi, sijathubutu kumuuliza.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata ukiimaliza barua hii hunipendi.