Tangi Namba Mbili

Jumatatu, 17 Machi 2025

Tangi namba mbili limepungua tena. Lita mia na arobaini tangu Ijumaa, mbali na zile tulizouza. Onzima amepima mara tatu mbele yangu. Chaki kwenye fimbo, dawa ya maji kwenye ncha — ile inayogeuka nyekundu ikigusa maji. Anaipaka kila asubuhi, kiangazi chote hiki! Nimemwambia anamaliza kopo bure.

"Scovia, mafuta iko napotea chini," akasema. "Tuchimbe shimo kando ya tangi, tuone udongo."

Nikamwambia saruji ile haijamaliza hata miezi minne, Hakim atanitoa roho. Ndiye mwenye kituo hiki cha petroli hapa Koboko, na saruji ndiyo fahari yake. Tukacheka. Wajomba wa Onzima wanakuja kwetu Awindiri Jumatatu ya Pasaka kuzungumza mahari yangu. Mama tayari ametenga majogoo wawili.

Alhamisi, 20 Machi

Lita sitini nyingine. Hakim amekuja kutoka Arua na maneno yake tayari: petroli ya chupa inayouzwa njia ya Kongo inatoka mahali. Akaniuliza mimi, meneja, nani anafungua tangi. Onzima amesimama pale pale, fimbo mkononi.

Ningeweza kusema tuchimbe kwanza. Nikasema, "Ni yeye peke yake."

Si uongo. Hapo ndipo panaponiuma. Niliogopa watasema namfichia mchumba. Hakim akamfukuza pale pale, mbele ya wateja.  Onzima alifuta fimbo kwa kitambaa, akaisimamisha ukutani, akaniangalia. "Na wewe?" Basi, hayo tu. Akaondoka kwa miguu.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Hakuna mjomba aliyekuja. Majogoo bado wanatembea uani kwa mama.

Mvua kila siku tangu mwezi uanze. Na daftari — daftari liko sawa! Wiki tatu hakuna hasara. Hakim amepiga simu: umeona, mwizi ametoka na wizi umetoka. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikakubali. Kumbe nilikuwa nampenda mwizi.

Mchana wamenipigia wenye kituo kimoja cha Arua. Onzima ameomba kazi kwao, yukoje? Nikawaambia ninachojua, kwamba tulimfukuza kwa wizi. 

Lukumani, kijana wa pampu, ndiye anayepima sasa. Anapima haraka, dawa hana habari nayo. Kopo liko juu ya kabati, limeota vumbi.

Jumamosi, 17 Mei

Boda saba zimezimika njiani, zote zimejaza kwetu. Kasimiro wa stendi ya boda alimimina petroli ya pikipiki yake kwenye chupa ya soda, akaniwekea mezani. Juu petroli, chini maji.

"Madam, sasa iko nauza mvua?"

Nikateremsha kopo mwenyewe. Nikapaka. Fimbo ikatoka nyekundu, sentimita ishirini na moja.

Nilikaa chini kwenye ile saruji, mbele ya watu wote. Tangi limetoboka. Kiangazi petroli ilikuwa inavuja ardhini. Mvua zilipokuja, maji ya ardhini yakaingia kwa tundu hilo hilo, yakajaza pengo. Ndiyo sababu daftari likakaa sawa. Nilikuwa nahesabu maji! Na mtu pekee ambaye angeyaona siku ya kwanza nilikuwa nimeshamtoa.

Jumapili, 18 Mei

Nimempigia mara tisa. Hapatikani. Kanisani sikwenda.

Jumatano, 21 Mei

Tumefunga pampu, tumechimba. Saruji ya Hakim ilivunjika kwa nusu saa. Udongo mweusi, harufu inachoma macho.

Rosine, yule mama Mkongomani anayekaanga mandazi nyuma ya ukuta wetu, akaja na ndoo ya maji ya kisima chake. Akaninusisha. "Inanuka tangu mwezi wa pili, mama. Batoto banakataa kunywa. Nilimwambia ule kijana wenu wa fimbo, akaandika."

Aliandika! Nikapekua faili la wafanyakazi hadi nikaipata. Karatasi moja, 12 Februari, jina langu juu: kisima cha nyuma kinanuka, naomba tuchimbe tuangalie. Alinipa mkononi. Nilidhani anaomba likizo, nikaitoboa nikaiweka kwenye faili bila kuisoma. Miezi mitatu watoto wa Rosine wameoga maji yale.

Ijumaa, 23 Mei

Ayikoru, dada yake Onzima, amepokea simu yangu leo, huko kwao Ajia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Amesema kaka yake yuko Ariwara, upande wa Kongo, anabeba matofali. Kila kituo alichoomba kazi wanauliza kwanza kwetu Koboko. Nikamwambia yote, tangi, tundu, karatasi. Akamfikishia. Baada ya saa moja akanirudia na jibu lake: "Onzima anasema ufunge kisima ya ule mama. Anasema hivyo tu."

Hakuuliza habari yangu. Amenikumbusha kisima. Kisima tulishakifunga jana, na sina wa kumwambia.

Mkaguzi wa mazingira, Juliet, yuko hapa mbele yangu na fomu yake. Nani aligundua uvujaji kwanza? Nimeandika Onzima. Lini? 12 Februari. Hatua gani ilichukuliwa baada ya taarifa yake? Nimeandika: Alifukuzwa kazi.

Juliet amesoma, akauliza kwa upole kama nimekosea mstari. Nikamwambia sikukosea.

Nimemwomba dakika tano, ndizo ninazoandikia hapa. Kuna mstari mmoja umebaki, jina la aliyethibitisha kosa la mfanyakazi. Hakim anapiga simu, hii ni mara ya tatu. Anataka niandike Lukumani, si jina langu.