Ile Wiki Niliacha Kahawa

Kasigau,
14 Septemba

Dada Mkamburi,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wote huko Taveta. Mguu wako umepona? Mimi niko mzima, isipokuwa usingizi. Na binti yangu Lynn, anakula vizuri? Umesema shule zikifungwa utamleta akae na mimi. Soma hii kwanza.

Unajua kahawa yangu nyeusi, miaka ishirini sasa. Vikombe vinane kwa siku. Mwezi uliopita moyo ulikuwa unaenda mbio, nikaenda kwa daktari huko Voi. Nikamuuliza kitu kimoja: mtu akiacha kahawa ghafla, ni nini inamshika? Akasema ndani ya kichwa kuna kama viti, uchovu unakuja kukaa. Kahawa inafika kwanza, inavikalia. Ikiendelea hivyo miaka mingi, ubongo unaongeza viti vingine. Siku umeacha, vyote viko wazi, uchovu unajaa mara moja. Akacheka, ati mzee, wewe umejenga kanisa nzima huko ndani. Akaniambia nipunguze pole pole, viti vitapungua.

Mimi sikucheka.

Dada, mwaka juzi niliwaambia siku ndovu alimuua mke wangu Jemimah mimi nilikuwa posho mill nasaga unga. Ni uongo. Ilikuwa wiki ya kufunga. Pasta alisema kila mtu aache kitu anachopenda. Nikaacha kahawa. Siku ya tatu, saa kumi jioni, nilikuwa juu ya dungu nalinda mahindi. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikalala.

Nilisikia Jemimah amepanda. Akaniita, ati Baba Lynn, ndovu wamefika. Akangoja kidogo. Halafu akasema basi, pumzika. Akachukua debe miguuni pangu, akashuka analigonga, akawaendea mwenyewe. Nilisikia yote. Mwili ulikataa kuamka. Debe likanyamaza.

Hilo debe nililifukia mimi mwenyewe. Lakini kila siku saa kumi linagongwa huko ndani ya mahindi, na mimi niko macho juu ya dungu, kikombe mkononi. Nimejaribu kupunguza kama daktari alivyosema. Nikipunguza kikombe kimoja, linasogea karibu. Jumapili lilifika chini ya dungu. Jemimah akaita, lakini si mimi.

Alimwita Lynn.

Usimlete, dada. Mwambie baba yake ana kazi mingi.

Msalimie shemeji na jirani zako wote. Mungu awaweke salama huko.

Ni mimi ndugu yako,
Obadiah