Mawe, Usionje Ile Chupa

Mawe, mama yangu mpenzi,

Mwakeye? Shikamoo. Magoti yamepoa? Na yule mbuzi mkorofi bado anatafuna kanga zako? Mimi huku Uturuki masomo ya ufamasia yanaenda, baridi inaniuma mpaka meno, lakini raha sina, kwa sababu yako. Barua hii naituma kama picha kwa wifi yangu Neema akusomee, maana simu zangu hupokei.

Nilipokuambia nimetupa ile chupa ya maharage uliyonitumia, ulifoka: "Mwanangu wa kumzaa ananiita mchawi!" Ukakata. Sasa Neema anasema umeapa kufungua chupa ya pili, pacha wa ile, Jumapili, wazazi wake wakija kutoka Titye, uonje kijiko cha kwanza mbele yao, kama tunavyoonja pombe ya ndizi kabla ya kumpa mgeni, ili wote wajue hukuniwekea kitu. Yoo, mawe we! Utashinda kesi, halafu tukuzike.

Hujaniroga. Uliyafunika maharage kwa mawese, ukaziba kwa nta, hewa ikakosa pa kupita. Kuna kidudu cha udongoni kinachopenda hivyo hivyo, na mbegu yake haifi kwa kuchemsha kwetu kwa kawaida. Kikatema sumu humo, kifuniko kikavimba. Wewe ukasema maharage yamenenepa!

Sumu hiyo ni mwizi mvumilivu. Chukulia mshipa wa fahamu kuwa duka la Mzee Juma pale sokoni Kasulu, anayeuzia dirishani. Mshipa hufungua dirisha kuupa msuli ujumbe: inua kope, meza, vuta pumzi. Sumu hushika ukuta kwa mkono mmoja, inangoja. Dirisha likifunguka, mkono wa pili unadaka ubao wake. Ubao ukivutwa ndani, nayo imo. Mle ndani mna uchachu, na uchachu ndio unaoiamsha: inatoboa, inapenyeza kisu, inakata kamba zinazofungua dirisha. Basi, ujumbe hautoki tena. Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mwisho hata kifua kinashindwa kupumua. Na pua yako, inayojua kila jirani kapika nini, haitanusa kitu.

Kwa hiyo usiifungue, mama, nakuomba. Usimpe hata yule mbuzi, ingawa anastahili. Baba aizike chini kabisa, imefungwa vile vile. Wageni wapikie maharage mapya, uonje hayo mpaka ushibe.

Msalimie Baba, na shangazi wa kwaya, na usimnunie Neema kwa kukuchongea.

Siku naitupa ile chupa nililia, kijiko kilikuwa tayari mkononi. Nikirudi pika sufuria nzima, uwaite ukoo wote. Nitakula mbele yao bila kuonjewa.

Mwanao anayekutaka uwe hai,
Esta