Eliya, Kile Kilio Hakikuwa Chako

Eliya, huna adabu. Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na najua hapa unapita kusoma. Si wewe uliyenifungulia huu ukurasa ukaniambia, Bibi, andika chochote kilichoko moyoni? Haya. Leo kilichoko moyoni ni wewe.

Jumanne. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri, na mlima umejifunika wote kama mtu mwenye aibu. Nimefagia uwanja mara mbili na hakuna kilichoanguka. Maharage yameungua. Naingia ndani, natoka, nasimama kwenye ua, narudi kukaa, kiti kinanichoma.

Sijawahi kuwa mtu wa kukosa pa kukaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kwa wengine mnaosoma: Eliya ni mjukuu wangu, mtoto wa Amani, mwanangu wa kwanza. Anatengeneza muziki kwa kompyuta huko Kimandolu, chumba kimoja, magodoro kayabandika ukutani badala ya kuyalalia. Hana bendi, hana mwimbaji. Anatembea na kinasa sauti chake kama mtu anayeokota kuni, anaokota sauti huku na kule, halafu anazikata, anazivuta, anazishonea ngoma juu yake. Ijumaa ametoa albamu mpya kwenye mtandao. Ile ya kwanza nilidhani ni jenereta bovu, na nilimwambia. Hii mpya nimeisikiliza yote. Mimi niliishia darasa la nne, lakini masikio hayakuishia huko. Ule wimbo wa mvua kwenye mabati naupenda. Ule wa mashine ya kukoboa kahawa una miguu, unachezeka. Kuna mmoja unalia kama mbu ndani ya chandarua, huo sitaki kuusikia tena.

Basi nikajivuna. Nilijivuna kanisani, nilijivuna sokoni, nikawasumbua watu na simu yangu. Wimbo wa nne niliusikia, mwanamke anavuta sauti kwa mbali kama yuko ndani ya pipa, sikumtambua. Nikasema mjukuu wangu ana kipaji.

Jumapili tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, mtoto wa jirani yetu. Nilikaa na Mama Ndeshi, kama ninavyokaa naye siku zote. Huyu mama tumeanza naye mbali. Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, tulikuwa tunafungua belo la mitumba pamoja, tunagawana, tunagombana kwa ajili ya sweta, tunarudi hapa Sekei tunacheka. Ua wa nyumba yake na wangu ni mmoja, na katikati kuna kijilango ambacho hakijawahi kufungwa. Chumvi yake ni yangu. Mwaka jana alizika binti yake, huyo Ndeshi mwenyewe, baada ya kuuguza muda mrefu. Kila asubuhi alikuwa anampikia mtori, ile supu yetu ya ndizi, hata siku ambazo mgonjwa hakuweza kumeza kijiko.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tunapiga wimbo mpya wa kijana wetu Eliya. Nikasimama. Nikapiga kigelegele, nikazunguka na leso. Vijana wakajaa katikati. Kwenye zile spika kubwa haukuwa tena ule wimbo wa kwenye simu yangu. Kila kitu kilisikika. Ngoma zikanyamaza, ile sauti ya mwanamke ikabaki peke yake, halafu vijana wote wakaidakia wakicheka, sahani mkononi: "Mtori unapoa! Mtori unapoa!"

Mama Ndeshi alikuwa na sahani yake. Akaiweka kwenye kiti polepole, kama inaweza kupasuka. Akaniuliza, "Mama Amani, huyo si mimi?"

Ni yeye.

Siku ile jeneza linatolewa ndani lipelekwe Marangu kuzikwa, mama yule alishika mlango akalia, "Ndeshi, mtori unapoa." Mimi ndiye niliyemshika mkono. Eliya alikuwa pale, tulimpa kazi ya spika na kurekodi ibada kwa ajili ya ndugu walioko mbali. Kumbe kilio nacho alikitia mfukoni.

Nilimtoa mwenzangu pale nikamrudisha nyumbani. Hakulia. Alikuwa anashikashika koo lake, kama mtu aliyekuta kifungo cha gauni hakipo.

Sasa sikilizeni alichofanya Jumatatu, maana hiki ndicho kinachonifagilisha uwanja.

Sisi Wachaga tuna sale. Ni mmea tu, tunaupanda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Lakini ukimkosea mtu, unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaletewa, hawezi kukataa. Hata kama ni damu, anasamehe, na akishasamehe halizungumzwi tena. Baba yangu alisamehe hivyo mtu aliyemsogezea mpaka, akala naye nyama siku hiyo hiyo. Hadithi hii Eliya kaisikia kwangu tangu ananyonya vidole.

Basi akaja. Shikamoo Bibi, sikuitikia. Akaenda kwenye ua wangu, akakata jani, akalifunga fundo vizuri kabisa, akapita kijilangoni. Nikafurahi, sitasema uongo. Nikasema, mtoto huyu kumbe kalelewa. Nikadhani ameshauondoa ule wimbo mtandaoni, sasa anakwenda kujishusha.

Mama Ndeshi alilipokea kwa mikono miwili. Akamwambia, nimekusamehe mwanangu. Akampa chai. Eliya akarudi kwangu anatafuna andazi, uso umekunjuka.

Nikamuuliza, wimbo umeutoa saa ngapi?

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Kuutoa tena, Bibi? Si ameshasamehe?"

Halafu akaanza kunielimisha. Eti albamu yote imeegemea wimbo huo, ukiutoa zilizobaki ni makelele ya mashine. Eti kuna watu wa redio Ulaya wameupenda huo huo. Eti kuutoa inawezekana, lakini watu waliokwisha kuusikia watauliza. Na la mwisho, ambalo lilinifanya nitake kumpiga mwiko, eti ni heshima kwa Ndeshi, jina lake litasikika dunia nzima.

Ndeshi alikuwa kimya ndani ya sanduku, Eliya. Aliyelia ni mama yake, na hakuwa anaimba.

Jioni nilikwenda kuomba chumvi. Chumvi ninayo, nilitaka kumwona. Kijilango kimefungwa kwa waya, umezungushwa na kukazwa. Leo asubuhi nikamwita juu ya ua. Akajibu akiwa ndani, kwa upole, "Niko salama, Mama Amani, asante kwa kuniuliza."

Asante. Mimi huyu, ambaye ananiita mchawi nikichelewa kumrudishia sufuria.

Nimelifikiri jambo hili mpaka kichwa kinauma, na nitakueleza wewe msomi wa kompyuta kwa sababu inaelekea hukulielewa ulipolisikia. Sale haikuwekwa ili mkosaji apumzike. Iliwekwa kwa mtu ambaye kosa lake limekwisha, amelitua, anarudi kuomba. Wewe umelipeleka jani huku mguu wako ungali juu ya shingo ya mama wa watu. Yeye ni mtu wa mila na mtu wa kanisa, angefanyaje? Amepokea. Na kwa kuwa amepokea, hawezi kulalamika. Hawezi kukasirika mbele yako, hawezi kuniambia hata mimi, maana atakuwa amevunja sale. Kila spika itakayopiga ule wimbo, atatakiwa kukaa kimya na kutabasamu.

Kwanza ulichukua kilio chake. Halafu ukaenda kuchukua na hasira yake.

Hakuna mtu aliyenipokonya kitu kama hicho maisha yangu yote, na nimeishi na wanaume.

Mimi sikatai muziki wako. Nimeutetea kwa baba yako alipotaka urudi kwenye duka la vipuri. Nimekupa chumba cha nyuma ukanasa mvua na kunguru na mimi nikikohoa. Chukua kikohozi changu, nimekupa. Lakini mtu anayelia mlangoni kwake hajakupa kitu. Na kama albamu haisimami bila kilio cha jirani yangu, basi haijasimama, na hilo utalitatua kwa kazi, kama wengine.

Nimejiuliza pia kama nikinyamaza litapita. Watu wanasahau nyimbo. Kile kigelegele nilichopiga bado nakisikia.

Halitapita. Waya ule umekazwa.

Basi nisikilize, na usinijibu kwa ujumbe wa simu wenye vikatuni. Leo hii, kabla hujatia kitu mdomoni, utautoa wimbo wa nne huko mtandaoni, wote, na hao watu wa redio uwaambie haupo. Kile ulichonasa msibani umpelekee mwenyewe, kichomwe au kitunzwe, ni shauri lake. Uende kwake kwa kuzunguka barabarani, upige hodi mlango wa mbele kama mgeni. Usikate jani. Usinunue sukari, usibebe soda, uende mikono mitupu. Umwambie kwa kinywa chako ulichofanya, halafu umwombe akurudishie lile jani, ili awe huru kukukasirikia. Akikutukana, simama upokee. Akikufukuza, ondoka. Na kesho uende tena, mpaka siku atakayokusamehe kwa kutaka kwake, au asikusamehe kabisa.

Toka humo ndani kwenye magodoro. Nenda.