Najim Mtoro Ausi, Uliyepisha Njia

Mwaka umezunguka, Najim, tangu asubuhi ulipomuaga bibi yako hapa Mlingotini, ukamwambia unampeleka mteja Mapinga na unarudi sasa hivi. Alikwambia, “Nenda salama, mume wangu, na usichelewe, leo kuna changu wa kupaka.” Ukacheka, ukasema mke mkubwa ndiye anayekulisha, huyu mdogo anakushindisha na muhogo mkavu. Mgeni, mkeo, akakurushia kandambili kutoka jikoni. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho katika nyumba hii, na tunashukuru yalikuwa ya utani.

Abiria wako wanakukumbuka. Uliwapakia kina mama wauza samaki na ndoo zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuona umekunja pua. Chini ya kiti cha pikipiki uliweka kanga kuukuu, ya kumsitiri mwanamke magoti akikaa upande. Kofia ngumu ulikuwa nazo mbili. Abiria akiikataa yake kwa kuhofia nywele, ulizima injini ukasubiri tu, huku unamuuliza habari za nyumbani, mpaka avae.

Wenzako kijiweni walikuita Bwana Harusi, kwa vile uliendesha kama mtu aliyempakia biharusi. “Bwana Harusi, Bagamoyo utafika mwezi huu au ujao?” Muhidini alikuwa akikuuliza kila siku, na kila siku ulimjibu, “Wewe tangulia, ukanipokee.”

Uligongwa na lori la kokoto lililokuwa linakwenda Dar es Salaam, wewe ukiwa unarudi kutoka Mapinga, karibu kabisa na njia panda ya kwetu. Aliyekufikia wa kwanza ni Tekla, Mama Tina, anayeuza chai na maandazi pale kando ya barabara, mtu wa bara ambaye mumewe anafanya kazi Mbegani. Alikulaza juu ya kanga yake mwenyewe. Ulipokwisha kuchukuliwa, akamwaga mchanga palipokuwa na damu, watu wasije wakaikanyaga. Muhidini na wenzako nao wakaichukua pikipiki, wakaiosha mpaka ikang'aa, wakaileta nyumbani imefunikwa shuka. Waliona si heshima kumletea mjane pikipiki yenye damu ya mumewe.

Wote walitenda wema. Lakini trafiki alipofika alikuta ardhi safi na pikipiki safi.

Dereva wa lori, kijana aitwaye Anold, akaeleza kwamba pikipiki ndiyo iliyohama upande wake ikamfuata. Wenzako wakasema ulikutwa nje ya lami. Wakajibiwa kwamba mtu akigongwa hurushwa, tena bodaboda siku zote hulindana. Basi kosa likawa lako. Sokoni bibi yako alisikia mtu akisema, “Si ndivyo walivyo, vijana wa bodaboda?” Huyo hakujua aliyesimama nyuma yake akichagua nyanya ni nani.  Bibi yako alizirudisha nyanya taratibu akaja nyumbani.

Siku ya hitima walikuja wazee wa upande wa dereva, na mchele na mbuzi. Walikuja kwa adabu, wakavua viatu, wakakaa mkekani. Waliomba jambo liishe nyumbani, lisifike mahakamani. Baba yako Mtoro alikuwa tayari. Alikuwa amechoka, Najim, usimlaumu. Alimwambia mama yake, “Mama, hii ni kudra. Tumwachie Mungu.”

“Kudra nimeikubali tangu siku ile,” bibi yako akasema. “Nimemzika mjukuu wangu na sikumlalamikia Mungu hata neno moja. Lakini hili la kwamba alilifuata lori upande wa watu halikutoka kwa Mungu, Mtoro. Hili limesemwa na mtu.”

Kisha akawageukia wageni. “Mchele wenu tumeupokea, ni wa msiba, na nyinyi mtakula nasi. Hilo lingine sina uwezo nalo.” Wakala, wakaaga, na mmoja wao, mzee mwenye fimbo, alipofika mlangoni alirudi kumpa bibi yako mkono mara ya pili. Hilo nalo hakulisahau.

Mgeni alikuwa ndani ya eda, na mimba ya mwanao tumboni, hawezi kutoka. Kwa hiyo aliyekwenda polisi ni bibi yako. Alikwenda mara nyingi, mpaka mlinzi wa getini akawa anamwita mama mkwe. Afande Clara, mpelelezi, alikuwa akimpisha kiti chake na kumwagizia maji ya kunywa, lakini hakumficha kitu.

“Bibi, mimi nakuamini,” alimwambia. “Ila hakimu hawezi kumfunga mtu kwa kuwa mimi nakuamini wewe. Nahitaji kitu cha kumwonyesha.”

“Kitu gani, mwanangu?”

“Kingekuwa kwenye pikipiki. Kingekuwa barabarani. Ndiyo hivyo, vyote vimeoshwa na kufukiwa.”

Maneno hayo yakafika kijiweni, kama yanavyofika yote. Tangu siku hiyo wenzako wakawa wakimwona bibi yako anakuja, huyu anakumbuka abiria, yule anainama kutazama tairi. Waliona haya. Walidhani wao ndio waliokuangamiza mara ya pili.

Mgeni alipojifungua, eda ikaisha, na arobaini ya uzazi ilipopita, bibi yako na Mgeni walivaa buibui wakatoka kwenda kushukuru. Unaijua desturi yetu: aliyekusaidia kwenye msiba hupelekewa shukrani mpaka kwake, hatumiwi salamu. Walibeba vifurushi vya halua. Walipofika kijiweni, Muhidini alijibanza nyuma ya mti wa mkorosho, na mwili wake ule.

“Muhidini, toka huko,” bibi yako akasema. “Mti mwembamba, wewe mnene.”

Akatoka, kichwa chini. “Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Nimekuja kuwashukuru.”

“Bibi, usituseme. Tumekuharibia kesi.”

“Mlimwoshea mjukuu wangu pikipiki, mjane asione damu. Nani kasema hilo ni kuharibu? Shika halua yako, uwagawie wenzako, na usile peke yako.”

Muhidini alilia, Najim, na wenzake wakamzomea kwa upole, wakimwambia afute machozi yasije yakaingia kwenye halua. Ikawa mara ya kwanza tangu uondoke watu kucheka pale.

Kisha wakaenda kwa Tekla. Alikuwa na wateja wengi, wote wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Alipowaona akaacha kukaanga, akafuta ndoo moja kwa upande wa kanga, akamkaribisha bibi yako. Bibi akakaa, goti likalia.

“Mama Tina,” akamtania, “biashara yote hii, hata benchi huna? Au bara wanakaa kwenye ndoo?”

 Tekla aligeukia moto wake, akazichochea kuni mpaka Mgeni akamshika bega. Ndipo akasema, “Nilikuwa nalo, Bibi. Lilivunjika siku ile.”

“Siku gani?”

“Siku ile ya Najim. Lori lilipita nalo.”

Bibi yako akauliza taratibu, kama mtu anayemvua mtoto mwiba. Benchi lilikuwa wapi? Tekla akaonyesha mbele ya banda, upande huu wa barabara, upande wa wanaokwenda Bagamoyo, ndani kabisa ya udongo. Miguu yake ilikuwa imechimbiwa ardhini, na visiki vyake viwili vilikuwa bado pale, vimevunjikia chini, majivu ya jiko yakiwa yamevifunika nusu. Yeye alikuwa ameinama anapuliza moto. Aliposikia kishindo na kuinua kichwa, lori lilikuwa tayari linarudi barabarani, na wewe ulikuwa chini mbele ya visiki hivyo. Vipande vya benchi alivitupa kando haraka ili apate pa kukulaza.

“Na trafiki hukumwambia?”

“Aliuliza nani ameona ajali. Mimi sikuiona, Bibi, nilikuwa nimeinama. Nikasema sikuona.”

“Na benchi?”

Tekla akafunika uso. “Ningesemaje habari za benchi, Bibi, na mtu amelala amekufa? Tena mimi mtu wa kuja. Wangesema mama huyu anadai benchi kwenye maiti ya watu.”

Bibi yako alimvuta akamkumbatia, unga wa maandazi ukamjaa kwenye buibui. Alimwambia, “Umenisitiria mjukuu mara mbili, kwa mchanga na kwa kimya. Mchanga nimeshukuru. Kimya hiki, mwanangu, tukivunje.”

Afande Clara alikuja siku iliyofuata. Alichuchumaa, akafuta majivu kwa mkono wake mwenyewe, akavitazama vile visiki kwa muda mrefu. Akapima mpaka kwenye lami. Alipoinuka alisema tu, “Benchi halikurushwa.” Baada ya hapo Anold akashitakiwa katika mahakama ya Bagamoyo, kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari.

Alikana. Wakili wake alimuuliza Tekla maswali mengi, mengine ya kumchanganya. Kwa nini alinyamaza miezi yote hiyo? Amefundishwa na nani? Tekla alijibu yale yale aliyomwambia bibi yako, hata lile la kuona haya. Hakimu akaamua mahakama nzima ihamie njia panda, wakaone kwa macho. Wakaja na magari yao. Wenzako wakazima pikipiki zote, wakasimama mstari, hakuna aliyepiga honi. Anold aliletwa, akasimamishwa pale pale. Alivitazama visiki, kisha akatazama ng'ambo, kwenye upande ambao lori lake lilipaswa kuwa. Bibi yako alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua.

Mahakama iliporudi kukaa, kijana yule aliomba kubadili jibu lake. Tunayaandika maneno yake hapa, kwa sababu ni yako kuliko yetu:

“Nilisinzia, mheshimiwa. Nilitoka machimboni sijalala. Nilipofumbua macho nilikuwa upande wa kulia, na yeye yuko mbele yangu. Hakunifuata. Aliiacha lami akanipisha. Mimi ndiye niliyemfuata hukohuko. Niliogopa, nikasema uongo, na kila siku nilidhani kesho nitausema ukweli.”

Alifungwa, na leseni yake ikachukuliwa. Katika hukumu hakimu alisoma kwamba marehemu hakuwa na kosa lolote barabarani. Baba yako aliposikia hivyo alisimama, ingawa hakuambiwa asimame, akabaki amesimama mpaka askari alipomgusa mkono akae.

Wakati wa kutolewa, Anold aliomba kusimama mbele ya bibi yako. Hakuweza kusema zaidi ya, “Bibi, nisamehe.”

“Mjukuu wangu nilimkabidhi Mungu siku tuliyomzika,” akamwambia. “Wewe nilikuwa nakudai jina lake tu, na leo umelirudisha. Nenda, mwanangu. Ukitoka, usiendeshe na usingizi.” Mama yake Anold alikuwa ameketi peke yake mwisho wa benchi la mahakama. Bibi yako akaenda akakaa naye.  Walipeana leso.

Baba yako, ambaye sasa hasemi tena habari za kuacha, alirudi kwenye karakana yake ya useremala akachonga benchi jipya la mninga, akampelekea Tekla. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mwaka huu wote, Najim, hatukukulilia vizuri. Kila tulipotaka kulia ilitubidi kwanza kukutetea: sokoni, msibani kwa watu, kwenye ofisi, hata ndani kwa ndani sisi wenyewe. Tulikuwa hatumalizi kutaja jina lako kabla ya kusema kwamba hukukosea. Sasa hatuna haja tena. Juzi Mgeni alikuta shati lako nyuma ya mlango, akakaa nalo kitandani akalia mpaka akalala. Bibi yako alimfunika, akatoka nje naye akalia vyake. Ni kilio tu, mume wangu, hakina kesi ndani yake. Tumekingoja sana.

Hitima yako ya kutimiza mwaka itasomwa nyumbani Mlingotini siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Wote mliopanda naye, mliombeba, mliomfunika na mliomsemea, karibuni.

Unakumbukwa na bibi yako Samia, baba yako Mtoro Ausi, mkeo Mgeni, mwanao Amin ambaye ameanza kutambaa, shangazi zako wa Bagamoyo, Muhidini na wenzako wote wa kijiwe cha njia panda, na Mama Tina, ambaye tangu mwaka huu ni mtoto wa nyumba hii.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Maadamu tunavuta pumzi, hututoki moyoni.